Namna ya kuendesha tovuti ya mashabiki wa Monkey Island ikadumu

Kabla hujalipia chochote, jiulize swali moja na ulijibu kwa maandishi: mtu atakayefungua tovuti yako atakuja kutafuta kitu gani ambacho hakipati kwingine? Mashabiki wa gemu za Monkey Island wako dunia nzima, na mengi yameshaandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kihispania. Ukianza kwa kunakili orodha ya wahusika na tarehe za kutoka gemu, utachoka kabla ya mwaka kwisha, maana hakuna atakayekuhitaji. Yangu naiendesha kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa tangu 2004, na imesimama juu ya mambo mawili tu: tofauti kati ya matoleo mbalimbali ya gemu ile ile, na vidokezo vya mafumbo kwa Kiswahili. Mawili hayo hayajaniishia hadi leo.

Kwa asiyezijua, nieleze kwa ufupi. The Secret of Monkey Island ilitoka 1990, kazi ya Ron Gilbert, Tim Schafer na Dave Grossman wa Lucasfilm Games, Marekani. Kijana Guybrush Threepwood anafika kisiwa cha Mêlée akitaka kuwa haramia. Anampenda gavana wa kisiwa, Elaine Marley, na anakutana na adui yake wa maisha, mzuka wa haramia LeChuck. Ya pili ikaja 1991, ya tatu 1997, ya nne 2000, ya tano ikatoka kwa vipande vitano 2009, na ya sita 2022. Katikati hapo, 2009 na 2010, gemu mbili za kwanza zilichorwa upya na kutiwa sauti za waigizaji. Ni gemu za kutembea, kuzungumza, kuokota vitu na kufikiri. Huwezi kukimbia fumbo. Litakungoja hapo hapo.

Nilizipata kupitia mjomba wangu baharia, aliyerudi na kompyuta kutoka Dubai ikiwa na gemu hizi ndani. Kilichonishika ni pigano la panga. Katika gemu ya kwanza humshindi mpinzani kwa nguvu ya mkono, unamshinda kwa ulimi: anakutolea tusi, nawe unatoa jibu linaloliingia sawasawa. Majibu unajifunza kwa kupigana na maharamia njiani na kushindwa kwanza. Kisha unamwendea Carla, bingwa wa upanga, naye anakuja na matusi mapya kabisa, ila majibu yake ni yale yale unayoyajua, lazima upime lipi linafaa wapi. Mtu aliyekulia katika mji wa Muyaka bin Haji, ambapo washairi walijibizana na wenzao wa Lamu ubeti kwa ubeti, haelezwi mara mbili utamu wa jambo hilo.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa anayetaka kuanza: tafuta pale gemu inapogusa kitu unachokijua wewe na mji wako, uanzie hapo. Ukurasa wangu wa pigano la panga ndio unaosomwa kuliko zote.

Chagua kazi ndogo uimalize

Usifungue kurasa ishirini zenye maneno "inakuja karibuni". Fungua moja iliyokamilika. Nikupe mfano wa kazi moja nzuri kwa anayeanza: kulinganisha matoleo ya gemu ya kwanza.

Toleo la mwanzo kabisa la kompyuta za DOS lilitengenezwa kwa kadi za picha za EGA, rangi 16 basi. Wachoraji, akiwemo Mark Ferrari, walipanga nukta za rangi mbili moja kando ya nyingine hadi jicho likaona rangi ya tatu, na anga ya usiku ya kisiwa cha Mêlée ikapatikana hivyo. Baadaye likaja toleo la VGA lenye rangi 256, kisha toleo la CD lenye muziki uliorekodiwa. Ukiyaweka kando kwa kando unaona mambo. Matoleo ya diski yana vitenzi kumi na viwili chini ya skrini. La CD lina tisa. Katika diski, vitu ulivyookota vinaandikwa kwa majina. Katika CD vinaonyeshwa kwa picha.

Halafu kuna kisiki. Msituni katika toleo la diski kuna kisiki cha mti. Ukikitazama, Guybrush anasema kina tundu linaloelekea kwenye mapango ya chini kwa chini, na gemu inakuagiza utie diski namba 22. Diski hiyo haipo. Inakuomba namba 36, kisha 114. Ulikuwa mzaha wa watengenezaji, lakini wachezaji wengi waliamini sanduku lao limepungukiwa diski, wakapiga simu ya msaada ya kampuni. Katika toleo la CD mzaha huo uliondolewa. Sasa fikiria msomaji aliyecheza la CD peke yake anayesikia wengine wakicheka kisiki. Huyo ndiye mgeni wako. Anakuja na swali, anakuta jibu, picha ya toleo moja na picha ya lingine, na anajua tofauti imetoka wapi. Ukurasa wa namna hiyo ukishauandika vizuri hauzeeki.

Kazi kama hizo ziko nyingi. Gurudumu la karatasi lililokuja katika sanduku la gemu ya kwanza, la vipande viwili vinavyozunguka vyenye nusu za nyuso za maharamia, lilikuwa kinga dhidi ya wizi wa nakala: unapanga uso unaoonyeshwa kwenye skrini, gurudumu linakupa mwaka haramia huyo aliponyongwa. Gemu ya pili ilikuwa na gurudumu lake, la kuchanganya dawa za uchawi. Au chukua muziki. Katika gemu ya pili, Michael Land na Peter McConnell walitengeneza mfumo wa iMUSE, unaoufanya wimbo ubadilike bila kukatika unapotoka chumba kimoja kuingia kingine. Ukitembea mji wa Woodtick, wimbo ni ule ule, lakini kila mlango unauongezea ala yake. Kaa na daftari, ingia mlango mmoja mmoja, andika unachosikia. Au uchukue madai ya Guybrush kwamba anaweza kuzuia pumzi dakika kumi. Kuna mahali anatoswa baharini, na ukimwacha dakika kumi kamili bila kufanya kitu anakufa kweli. Shika saa, kaa uone mwenyewe, uandike ulichoona na katika toleo gani.

Vidokezo, na namna ya kuvipanga

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tovuti nyingi hunisikitisha. Mtu amekwama kwenye fumbo moja, anafungua ukurasa, anamwagiwa gemu nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Amepata jibu lake na amepoteza mafumbo mengine kumi aliyokuwa na uwezo wa kuyafumbua mwenyewe. Watengenezaji walikesha kutengeneza furaha ile ya kufumbua. Usimnyang'anye msomaji.

Mimi naandika vidokezo kwa ngazi tatu kwa kila fumbo. Tuchukue mbwa wakali walio mbele ya jumba la gavana:

Cha kwanza: Mbwa hawa hawatishiki wala hawazungukiki. Wana njaa kama mbwa wengine.

Cha pili: Jikoni mwa baa kuna nyama. Nyama tupu haitawalaza, lakini msituni kuna mmea wa maua ya njano ambao jina lake linastahili kutazamwa.

Cha tatu: Chuma petali ya njano, itumie pamoja na nyama, uwape mbwa.

Cha kwanza kinaelekeza fikra tu, cha pili kinataja mahali na kitu, cha tatu ndicho jibu. Kila kimoja kifichwe nyuma ya mguso wake. Huhitaji programu yoyote nzito kwa hilo: tagi ya details katika HTML ya kawaida, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, inafanya kazi hiyo, hata kwenye simu. Na usiandike kidokezo cha fumbo ambalo hujalicheza mwenyewe katika toleo unalolitaja.

Nilifurahi sana 2022 gemu ya sita, Return to Monkey Island, ilipotoka ikiwa na kitabu cha vidokezo ndani yake, anachopewa mchezaji na Bibi wa Voodoo, mganga wa hadithi hizi, nacho kinafunguka hatua kwa hatua vivyo hivyo.

Kuhusu lugha: andika Kiswahili ambacho mtoto wa kidato cha kwanza Likoni anakisoma bila kusimama, lakini majina ya vitu na maneno ya kubofya yaache kama yanavyoonekana kwenye skrini, la sivyo msomaji atatafuta kitu kisichokuwapo. Wasomaji wangu wengi Kiingereza wanakijua cha shule. Kinachowashinda ni mizaha, basi mzaha unaohitajika ili fumbo lieleweke naueleza kando, kwa sentensi mbili tatu.

Picha

Jambo dogo, ila linaonyesha kama mwenye tovuti anajali. Gemu mbili za kwanza zilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200, na zilitazamwa kwenye skrini za zamani za uwiano wa 4 kwa 3. Maana yake kila pikseli ilikuwa ndefu kidogo kuliko upana wake. Ukizionyesha leo kwa pikseli za mraba, Guybrush anakuwa mfupi na mnene, na mwezi unakuwa yai lililolala. Kuza mara 5 kwa upana na mara 6 kwa urefu, upate 1600 kwa 1200, kisha punguza ukitaka. Unapokuza, zima ulainishaji ili kingo zibaki kali. Hifadhi kwa PNG. JPEG inachafua nukta zile ambazo wachoraji walizipanga kwa mkono. Programu ya ScummVM, iliyoanza 2001 na inayoendesha gemu hizi kwenye kompyuta za leo na hata simu, ina mpangilio wa kurekebisha uwiano huo. Itakudai faili za gemu uliyoinunua, na ndivyo inavyopaswa.

Kurasa zenyewe ziweke picha ndogo, na picha kubwa ifunguke kwa anayeitaka. Wengi wanaokusoma wananunua bando la siku. Ukurasa unaomaliza bando la mtu kwa ajili ya mapambo unamfukuza.

Jenga kwa vitu vya kawaida

GeoCities ilikuwa na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, zikiwemo za mashabiki wa gemu kila aina. Yahoo iliinunua 1999 na kuifunga Oktoba 2009. Baadhi ya kurasa ziliokolewa na watu wa kujitolea, nyingine zimekwenda. Mwisho wa 2020 kampuni ya Adobe ikaacha kuihudumia Flash, programu yake ya picha zinazotembea, na tovuti zilizokuwa zimejengwa kwa Flash tupu zikawa mraba mtupu. Nami kampuni niliyokuwa nimehifadhi nayo kurasa zangu mwanzoni ilifunga milango kwa notisi ya siku chache. Nilikuwa na kila faili nyumbani, kwenye folda moja, kwa HTML ya kawaida. Nilizipandisha kwenye seva nyingine usiku ule ule.

Basi sheria zangu za ujenzi ni hizi. Ukurasa uwe faili ya HTML inayofunguka kwenye kompyuta yako bila mtandao. Picha zikae kwako, usiziazime kutoka tovuti nyingine. Anwani ya ukurasa ikishatoka isibadilike, maana kuna mtu ameiweka kwenye tovuti yake kiungo cha kuja kwako. Ukilazimika kuihamisha, weka njia ya kumpeleka msomaji mahali papya. Ukitumia mfumo wa kisasa wenye hifadhidata, sawa, lakini uwe na namna ya kutoa kila kitu kama faili za kawaida, na uitoe mara kwa mara. Mimi sioni sababu ya hifadhidata kwa kurasa mia mbili za maandishi.

Mombasa ina sababu yake zaidi. Nyaya za mtandao za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika ufukweni kwetu 2009, mtandao ulibadilika kabisa. Zamani tulikuwa tunakaa kwenye saiba za Digo Road tukingoja picha moja ijitokeze mstari kwa mstari. Lakini waya ni waya. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS nje ya bandari hii hii. Tovuti iliyo yote nyumbani kwako unaweza kuifanyia kazi siku ya namna hiyo, ukangoja tu kuipandisha.

Jina la tovuti

Jina la tovuti, yaani anwani yake ya mtandaoni, lisajili kwa jina lako mwenyewe, si la rafiki "anayejua kompyuta" wala la kampuni iliyokutengenezea. Imeili uliyojisajili nayo isiwe ya jina hilo hilo la tovuti, kwa sababu jina likiisha muda, imeili nayo inakufa na huwezi kujiokoa. Kampuni ya jina na kampuni ya seva ziwe mbili tofauti. Ikianguka moja, unabaki na nyingine. Lipa miaka kadhaa mbele unapokuwa na pesa. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa imeturahisishia sana wengi wetu tusio na kadi za benki zinazokubalika nje.

Usitie maneno "Monkey Island" kama jina la tovuti. Ni alama ya biashara ya Lucasfilm, ambayo Disney iliinunua 2012. Chukua kitu kutoka ndani ya hadithi au kutoka mji wako.

Kila habari na chanzo chake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi yangu ya mchana ni ya ukarani katika kampuni ya uwakala wa forodha, na imenizoesha kutoamini karatasi isiyo na tarehe. Kwenye tovuti kila ukurasa una mistari mitatu chini: nilichokitazama (toleo gani, kwenye mashine gani), nani alisema, na lini nilihakikisha. Mashabiki hupenda kurudia waliyosikia. Dai moja linazunguka miaka kumi hadi kila mtu analiona ukweli, na ukilifuatilia unakuta lilianza kwa mtu mmoja aliyekisia.

Mtihani mzuri ulikuja tarehe 1 Aprili 2022. Ron Gilbert, ambaye hakuwa ameongoza gemu ya Monkey Island tangu ile ya 1991, aliandika kwenye tovuti yake kwamba anatengeneza nyingine. Siku ya wajinga! Wengine walicheka wakapita, wengine wakatangaza kwa vishindo. Namna ya kuandika siku kama hiyo ni kusema kilichotokea bila kuongeza: Gilbert ameandika hivi, kwenye tovuti yake, leo tarehe moja, hakuna kampuni iliyothibitisha. Msomaji anaachiwa apime. Siku tatu baadaye, tarehe 4, ikatangazwa rasmi pamoja na video, na Septemba gemu ikatoka. Aliyeandika kwa namna hiyo hakuhitaji kufuta hata neno.

Kwa ujumla habari usizifanye uti wa mgongo wa tovuti. Habari zina tovuti kubwa za kuzishughulikia, zenye watu wanaolipwa.

Miaka isiyo na habari

Mfululizo huu umewahi kukaa kimya miaka mingi: kati ya 2000 na 2009 hakukuwa na gemu mpya, kisha kati ya 2010 na 2022. Disney ilipoifunga sehemu ya kutengeneza gemu ya LucasArts (ndiyo Lucasfilm Games ya awali) 2013, wengi walidhani ndiyo basi. Ni katika vipindi hivyo tovuti za mashabiki hufa, na mwenyewe ukiuliza utaambiwa "hakukuwa na la kuandika". La kuandika lipo, ila halitoki nje, linatoka kwenye gemu zenyewe. Nilizozitaja juu, za matoleo, za muziki, za gurudumu, ni kazi za miaka ya ukimya.

Jiwekee ratiba ndogo usiyoweza kuiogopa. Mimi nina Jumapili moja ya mwezi, baada ya mahamri na mbaazi, ya kufanya mambo matatu: kupitia viungo vilivyokufa, kusoma imeili zote na kuzijibu, na kurekebisha ukurasa mmoja wa zamani. Viungo vilivyokufa usivifute hivi hivi. Tafuta nakala kwenye hifadhi ya Internet Archive uelekeze huko. Na kurasa zako mwenyewe zipeleke huko pia, kila unapozibadilisha. Ni bure.

Imeili za wasomaji zijibu, hasa za watoto. Kijana wa miaka kumi na mbili anayeuliza namna ya kumpita yule zimwi wa darajani anaicheza gemu iliyozaliwa kabla ya wazazi wake kukutana. Mjibu kwa kidokezo cha kwanza, umtie moyo, ungoje arudi. Anwani za watu usizikusanye kwa lolote. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na hata isingekuwapo, mtu aliyekuandikia kuuliza fumbo hakukupa ruhusa ya kumtumia matangazo.

Cha watu ni cha watu

Usiweke gemu yenyewe kwenye tovuti yako ipakuliwe. Zinauzwa hadi leo kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam na GOG, mara nyingi kwa bei nafuu siku za punguzo. Mwelekeze msomaji huko. Picha chache za kuelezea unachokisema, sawa. Nyimbo nzima, kitabu kizima cha maelekezo kilichopigwa skani, achana navyo kama huna ruhusa. Ukipokea barua ya wakili wa mwenye haki, ondoa kwanza, jadili baadaye.

Mchoro wa shabiki mwenzako nao ni mali yake. Omba ruhusa kwa maandishi, weka jina analolitaka yeye, na akisema uuondoe, uondoe siku hiyo hiyo bila kuuliza sababu. Nina michoro ya mtu aliyekuwa mwanafunzi alipoituma, leo ni mchoraji wa kulipwa, na bado anaandika kuuliza hali ya tovuti.

Nakala

Nakala tatu: moja kwenye seva, moja nyumbani, moja mji mwingine. Yangu ya tatu iko kwa dada yangu Voi, juu kule ambako hewa ni kavu. Mombasa chumvi na unyevu vinakula vyuma. Nimeona hadiski zilizokaa kabatini bila kuguswa zikakataa kuwaka, na CD zilizoota ukungu. Weka hadiski kwenye chombo cha plastiki kinachofunga barabara, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na uiwashe kila baada ya miezi michache. Stima ikipotea, chomoa kabla haijarudi kwa kishindo.

Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Mara moja kwa mwaka ichukue ile ya Voi, uifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ubofye kurasa kumi ovyo ovyo uone picha zinatokea.

Mrithi

Tovuti nyingi za mashabiki hazikufungwa na mtu. Mwenyewe alioa, akahama, akaugua, au alikufa, jina likaisha muda, na mtu wa matangazo akalinunua. Kwa hiyo tafuta mrithi ukiwa mzima na ukiwa bado unaipenda kazi. Asiwe lazima mtu anayejua kompyuta kukuzidi. Awe anayezipenda gemu zenyewe na asiyechoka upesi. Wangu ni mpwa wangu wa Kisauni, aliyezijua kwa kunitazama nikicheza, na ambaye kwa pigano la panga ananishinda sasa.

Mwandikie karatasi moja, ya mkono au ya kuchapishwa: jina limesajiliwa wapi na linaisha lini, seva iko wapi, paswadi, faili zimepangwa vipi, nani analipwa kiasi gani na lini. Iweke pamoja na hati za nyumba. Kisha umpe kazi ya kweli mapema. Mwachie tovuti mwezi mzima kila mwaka, aandike, ajibu imeili, apandishe faili mwenyewe, nawe usiguse kitu hata ukiona koma imekaa vibaya. Atakapokwama atakuuliza, na jibu utakalompa liandike kwenye ile karatasi, maana lilikuwa limesahaulika. Ukibadilisha paswadi, badilisha karatasi siku hiyo, tia tarehe mpya juu yake, na ile ya zamani uichane.